Somo la 8: Mgonjwa Asiye Mgonjwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 19:11–17, 1 Sam. 21:1–9, 22:6–23, Neh. 1:1–4; 2:1–8; Dan. 3:1–18, Flp. 2:25–30, Kol. 3:22–4:1.

Fungu la Kukariri: Waefeso 4:25. (Likariri katika Biblia unayoitumia nyumbani.)

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, anamwandikia msimamizi wake: “Shikamoo mkuu. Leo sitaweza kufika kazini, naumwa sana. Naelekea hospitali.” Anausoma ujumbe, anafuta neno “sana”, kisha anautuma. Hana homa, wala kichwa hakimuumi. Hospitali anakwenda kweli, lakini anayeumwa ni mama yake, aliyelazwa tangu juzi. Ndugu wamegawana siku za kumpelekea uji na kumwogesha, na leo ni siku yake.

Lugha yetu inatenganisha kuugua na kuuguza kwa herufi moja tu. Ndugu huyu angeweza kuandika kwamba anauguza. Hakuandika hivyo kwa kuwa anajua kazini kwake anayeugua hupewa ruhusa, na anayeuguza huambiwa atafute mtu mwingine.

Kwa kawaida tunapozungumzia jambo hili tunamfikiria mtegaji, yule aliyekesha akitazama mpira na asubuhi macho hayafunguki. Somo lake ni fupi: asome Wakolosai 3:22–25, kisha aende kazini. Juma hili tutakaa zaidi na mtu mwenye sababu njema mkononi na neno lisilo la kweli mdomoni. Je, sababu njema inalitakasa neno hilo?

JUMAPILI
Kitanda cha Mikali

Soma 1 Samweli 19:11–17. Mikali alisema nini kuhusu Daudi, na Sauli alifanya nini aliposikia hivyo?

Huenda hii ndiyo taarifa ya ugonjwa wa uongo iliyo maarufu kuliko zote katika Maandiko. Daudi ameteremshwa dirishani usiku. Mikali analaza sanamu ya nyumbani kitandani, anaweka nywele za mbuzi kichwani pake, anaifunika nguo, na wajumbe wa mfalme wanapofika anawaambia mumewe hawezi. Sauli hakuonyesha huruma hata kidogo. Aliagiza mgonjwa aletwe pamoja na kitanda chake ili auawe. Hila ilipogunduliwa na baba akamwuliza binti yake kwa nini amemdanganya, Mikali alitoa uongo wa pili: kwamba Daudi alitishia kumwua.

Biblia inasimulia kisa hiki bila kumsifu Mikali wala kumkemea. Katika madarasa mengi kisa hiki huzua mjadala mrefu, na mwalimu asijaribu kuumaliza kwa dakika tano. Lakini tunapokitumia kujitetea, tukumbuke tofauti moja. Mlangoni kwa Mikali walisimama watu waliotumwa kuua. Msimamizi wetu wa zamu ana kalamu, hana mkuki. Mtu anayemfananisha meneja wake na Sauli kila anapotaka siku ya mapumziko amejipa cheo cha Daudi mapema mno.

Kuna kitanda kingine cha ugonjwa wa kujifanya, katika 2 Samweli 13:1–14, nacho kinatisha. Amnoni alijilaza kwa shauri la rafiki yake Yonadabu. Mfalme Daudi mwenyewe akaja kumjulia hali, na ni Daudi aliyemtuma Tamari kwenda kumpikia ndugu yake. Dhambi ya Amnoni ni kubwa kupita kiasi na hatuilinganishi na ujumbe wa simu. Lakini chambo alichotumia kilikuwa kilekile, yaani huruma ya watu. Ugonjwa wa uongo hauwezi kufanya kazi mahali ambapo hakuna anayejali. Ofisini kwetu wenzetu hutuma pole, huchangishana, na jioni huja na mfuko wa matunda kumwona mgonjwa. Wakimkuta anapaka rangi ukuta wa nyumba yake, watakaporudi hawatakuwa na huruma ileile kwa mgonjwa atakayefuata, hata akiwa mgonjwa kweli.

Linganisha na Epafrodito katika Wafilipi 2:25–30. Aliugua karibu na kufa, na kilichomhuzunisha ni kwamba ndugu kule nyumbani walipata habari za ugonjwa wake.

Je, umewahi kupokea pole ambayo hukustahili? Ulijisikiaje?

JUMATATU
Habari Iliyofika Nobu

Soma 1 Samweli 21:1–9 na 22:6–23. Daudi alimweleza Ahimeleki nini kuhusu safari yake? Ni nani waliolipa?

Daudi alikuwa na njaa na alikuwa anakimbia. Alipofika Nobu akamwambia kuhani kwamba mfalme amemtuma kwa shughuli ya siri. Alipata mikate, akapata na upanga wa Goliathi. Kwake mambo yalikwenda vizuri. Lakini Doegi, Mwedomi, alikuwapo siku ile, na habari ilipomfikia Sauli, makuhani themanini na watano waliuawa, pamoja na wanaume, wanawake, watoto na mifugo ya mji wao. Ahimeleki alijitetea mbele ya mfalme kwa moyo safi, kwa sababu hakujua lolote. Aliyejua alikuwa msituni.

Kosa la mauaji ni la Sauli na Doegi. Hata hivyo, Abiathari alipofika akiwa amenusurika, Daudi hakujificha nyuma ya kosa lao. Alisema kwamba alimwona Doegi siku ile, akajua atasema, na kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha watu wa nyumba ya baba yake Abiathari (22:22). Ungamo hilo halina “lakini” ndani yake.

Sisi tunaposema uongo wa kazini, mara nyingi tunahesabu watu wawili tu, mimi na bosi. Tutazame tena waliomo. Mtoto wa miaka saba anayepewa simu na kuambiwa, “Sema baba amelala, anaumwa.” Mke anayelazimika kukumbuka alichosema mumewe. Tabibu wa zahanati, huenda ni muumini mwenzetu, anayeombwa kuandika ED ya siku mbili kwa mtu aliyeingia chumbani kwake akitembea vizuri. Na mwenzako wa zamu. Katika wodi yenye wauguzi wawili wa usiku, asipofika mmoja, aliyebaki anagawa dawa kwa vitanda vyote, na asubuhi hawezi kuondoka mpaka apatikane wa kumpokea. Kwake Mathayo 7:12 si fungu la kukariri tu.

JUMANNE
Mnyweshaji Mwenye Uso wa Huzuni

Soma Nehemia 1:1–4 na 2:1–8. Mfalme alitambua nini usoni mwa Nehemia? Nehemia alikuwa na njia gani nyepesi ya kujibu, na kwa nini hakuitumia?

Katika Biblia nzima ni vigumu kupata kisa kinachofanana na kuomba ruhusa kazini kuliko hiki. Nehemia ni mtumishi wa ikulu huko Shushani. Mwezi wa Kisleu analetewa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa na malango yameteketezwa. Anafunga na kuomba. Mpaka mwezi wa Nisani, yaani kama miezi minne, anaendelea kushika zamu yake ya kumpa mfalme divai.

Siku moja mfalme Artashasta anamtazama na kuuliza kwa nini uso wake una huzuni ilhali si mgonjwa. Angalia jinsi mfalme mwenyewe alivyolitaja neno “mgonjwa”. Kisingizio kilikuwa mezani, tayari kuchukuliwa. Nehemia angeweza kusema, “Ee mfalme, kwa kweli tumbo linanisumbua.” Pengine angepewa siku tatu za kupumzika. Tena alikuwa na sababu ya kuogopa, na mwenyewe anasema aliogopa sana. Mnyweshaji ndiye aliyesimama kati ya kikombe na kinywa cha mfalme. Uso wake ukibadilika, watu wangeweza kuwaza mabaya. Zaidi ya hayo, mfalme wa jina hilo alikwisha kutoa amri ya kusimamisha ujenzi wa mji uleule (Ezra 4:21).

Nehemia alisema kweli. Alisema mji yalipo makaburi ya baba zake umekuwa ukiwa. Msomaji wa Afrika hahitaji mhadhara ili aelewe kwa nini jambo la makaburi ya wazazi liligusa moyo wa mfalme.

Tuone pia ambacho hakukisema. Katika maneno yake kwa mfalme jina la Yerusalemu halimo. Alisema mji wa baba zake, akasema Yuda, basi. Alichagua maneno yake kwa hekima, lakini hakuna hata moja lililokuwa la uongo, wala hakumwacha mfalme aamini jambo lisilokuwapo. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Kutunza siri si sawa na kudanganya. Mwajiri hana haki ya kujua kila kinachotendeka chumbani kwako. “Nina jambo zito la kifamilia, naomba siku mbili” ni kweli iliyovaa nguo. “Naumwa”, ikitoka kwa mtu mzima wa afya, ni jambo jingine.

Mfalme aliuliza maswali mawili ambayo kila ofisa utumishi huyauliza: utakaa muda gani, na utarudi lini? Nehemia alikuwa na jibu. Alimpa muda. Alikuwa amefikiria hata barua za maliwali na miti ya kujengea. Miezi minne ya maombi haikuwa ya kulia tu, alikuwa anapanga. Uongo wa asubuhi, tukisema kweli, mara nyingi ni mtoto wa kutokupanga. Mtu alijua tangu mwezi uliopita kwamba kuna harusi ya mdogo wake Ijumaa, hakuomba, na sasa hana njia isipokuwa malaria.

Nehemia alikaa Yuda miaka kumi na miwili akiwa liwali (Neh. 5:14). Baadaye alirudi kwa mfalme, akaomba ruhusa tena (Neh. 13:6). Mfalme aliyekwisha kuambiwa kweli mara ya kwanza alimwachia aende.

Je, kuna ruhusa unayohitaji ambayo hujawahi kuiomba, kwa sababu tayari umejijibu mwenyewe kwamba utanyimwa?

JUMATANO
Homa ya Ijumaa Jioni

Soma Danieli 3:1–18. Maofisa wote wa majimbo waliitwa katika uwanda wa Dura. Vijana watatu Waebrania walikuwa na njia gani nyingine mbali na kusimama wima?

Kwa Waadventista jaribu hili lina sura ya pekee. Ratiba ya zamu inabandikwa ukutani na jina lako liko Jumamosi. Hutaki kuivunja Sabato. Hutaki pia kugombana. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza unaumwa tumbo. Ya tatu, malaria. Ya tano, mgongo. Siku moja msimamizi anafungua daftari la mahudhurio na kugundua kwamba ugonjwa wako unalijua jua la Ijumaa linapozama.

Hapo ndugu amevunja amri ya tisa ili aitunze ya nne. Lakini amri zote mbili zilinenwa na kinywa kimoja siku moja. Anakaa kanisani akiwa na simu iliyozimwa, si kwa uchaji, bali kwa hofu kwamba kazini watapiga. Je, hayo ni mapumziko?

Shadraka, Meshaki na Abednego wangeweza kutuma taarifa kwamba wana homa siku ile. Maofisa walikuwa wengi. Huenda watatu wasingeonekana kupungua. Walifika kazini, wakasimama mahali pao, wakakataa mbele ya macho ya watu. Kama wangebaki nyumbani chini ya blanketi, Nebukadneza asingepata la kujifunza kuhusu Mungu wao.

Lipo pia jambo la kawaida kabisa, ambalo wachungaji wanaoshughulikia mambo ya uhuru wa dini hukutana nalo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake, wala asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani. Lakini mtu ambaye kwenye jalada lake pameandikwa “mgonjwa” Jumamosi sita hajawahi kudai haki hiyo hata mara moja. Hakuna barua ya mchungaji, hakuna ombi la kubadilishana zamu na mwenzake wa Jumapili, hakuna kitu. Akifukuzwa, atafukuzwa kama mtoro. Na Mwadventista atakayeajiriwa pale baada yake, akieleza kwa uaminifu kwamba hafanyi kazi Sabato, atatazamwa kwa jicho la kumbukumbu ya huyo wa kwanza.

Njia ya wazi hufanikiwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, hasa mtu anapoiomba mapema, siku ya kuajiriwa, akiwa tayari kuchukua zamu za Jumapili na sikukuu ambazo wengine hawazitaki. Hata hivyo tusimdanganye yeyote. Wapo walioomba kwa adabu, wakaleta barua, wakapoteza kazi, na mwaka umepita hawajapata nyingine. Vijana watatu hawakuweka sharti la kuokolewa (Dan. 3:18). Lakini kanisa linaloimba habari za tanuru na kumwacha ndugu aliyefukuzwa kazi adaiwe kodi ya nyumba peke yake nalo lina hesabu ya kutoa.

ALHAMISI
Siku Iliyolipwa

Soma Wakolosai 3:22–4:1. Paulo anawaagiza nini watumwa? Anawaagiza nini mabwana?

Siku ya ugonjwa ina bei. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku zisizopungua saba za mshahara kamili na saba za nusu kila mwaka, kwa aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo. Kote kuwili cheti cha daktari kinahitajika. Siku hizi ziliwekwa kwa ajili ya yule atakayevunjika mguu au kufanyiwa upasuaji. Anayezichukua akiwa mzima amepokea fedha kwa maelezo ya uongo, na hapo amri ya nane nayo inabisha hodi.

Tusiwe wepesi kumwita mtu mwongo kwa kuwa hatuoni kidonda. Aliyefiwa na mtoto na hawezi kulala, au aliyechoka mpaka mikono inatetemeka, huyo anaumwa. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, Mungu hakumhoji. Alimpa usingizi na chakula (1 Fal. 19:4–8). Mtu wa namna hiyo aende kwa tabibu bila aibu, apewe siku zake kwa haki.

Sasa tumgeukie bwana wa Wakolosai 4:1. Sheria hiyo ya Tanzania, kama ilivyopitishwa 2004, ilitoa siku nne zenye malipo kwa mzazi ambaye mtoto wake anaugua. Mama wa mfanyakazi ametajwa pale anapofariki, anapougua hayumo. Wakati huohuo hospitali zetu nyingi hutegemea ndugu kumlisha na kumsafisha mgonjwa. Yule ndugu wa alfajiri alisimama katika ufa huo. Tulisema kwamba aliandika uongo, na hatuliondoi neno hilo. Lakini msimamizi anayejua kwamba watu wake husema “naumwa” kila wanapouguza, na bado anaadhibu kweli na kuzawadia uongo, amewafundisha. Hii inawahusu pia wakuu wa shule na hospitali zilizo chini ya kanisa letu, na wewe mwenye duka la wasaidizi wawili, na wewe mama mwenye binti wa kazi nyumbani. Yeye akiomba kwenda kumzika shangazi yake, unamjibuje?

Na kama umekwisha kudanganya? Ungama kwa Mungu, ndiyo (1 Yoh. 1:9). Zakayo naye alizungumzia fedha palepale (Luka 19:8). Ipo njia moja rahisi ambayo wachache huiwaza: nenda kwa msimamizi, mwambie siku ile hukuwa mgonjwa, uliuguza, na uombe ikatwe kwenye likizo yako ya mwaka. Huenda ukapewa onyo la maandishi. Zaburi 15:4 inamsifu mtu anayesimama katika neno lake hata likimwumiza.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Katika kitabu Wazee na Manabii, Ellen G. White anapoeleza Amri Kumi anaonyesha kwamba kiini cha uongo ni nia ya kudanganya, hata kama mtu ametumia jicho, mkono au sura ya uso pasipo kutamka neno. Soma maelezo yake ya amri ya tisa, kisha fikiria kikohozi cha kujilazimisha kwenye simu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika 1 Samweli 16:1–5 Bwana alimwagiza Samweli ataje sehemu moja tu ya kusudi la safari yake. Je, jambo hilo linafanana na maneno ya Nehemia kwa Artashasta, au na maneno ya Daudi kwa Ahimeleki? Eleza.

2. Dada mmoja katika darasa lenu ni tabibu. Mzee wa kanisa anamwomba ED ya siku tatu ili ahudhurie makambi, kwa kuwa kazini kwake wamekataa kumpa ruhusa. Amjibu nini? Na baada ya hapo, darasa limsaidieje mzee huyo?

3. Kijana anasema, “Nikiwaambia kweli kuhusu Sabato nitafukuzwa, na mimi ndiye ninayewasomesha wadogo zangu wanne.” Kabla ya kumjibu kwa fungu lolote, kanisa lenu liko tayari kufanya nini, kwa kiasi gani, na kwa miezi mingapi?

4. Wale kati yenu walioajiri watu: ni lini mara ya mwisho mfanyakazi wako alikwambia sababu halisi ya kukosa kazi, nawe ulifanya nini?